Wodi isiyo na wageni

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mwaka wa 2016, mama yangu alisafiri kutoka Mwatate akaja kuketi kwenye ukingo wa kitanda changu hospitalini. Kila baada ya dakika chache aliinua leso niliyojifunika, akachungulia, akaishusha, kisha akaendelea na habari za shamba na majirani. Mara ya tano au ya sita nilimwambia, "Mama, jamani, watu wanaona." Hakunijibu. Alingoja kidogo, akainua tena.

Nilikuja kumwelewa miaka minne baadaye, nikiwa nimelala katika wodi nyingine hapa hapa Nairobi, bila mtu wa kuinua leso.

Mimba ya pili ilikuwa na miezi saba wakati mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini, tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye kafyu ikaanza: saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, haingii mtu wala hatoki, na treni ya abiria kutoka Mombasa, ambayo mama angeipanda, ikasimama. Mama alikuwa tayari ameanika wimbi wa uji na kufunga mzigo wake. Alinipigia simu usiku ule, na baada ya kuulizana hali akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Sasa wewe nani atakukanda?"

Nikamwambia kuna masista. Akasema, "Haya, mwanangu." Nilijua hajaridhika.

Hospitali niliyokuwa nikihudhuria kliniki ni ya umma, upande wa mashariki ya jiji. Sitaitaja, maana hospitali zilizofunga lango kwa wageni zilikuwa nyingi. Kliniki ya mimba ya miezi minane tulielezwa utaratibu mpya tukiwa tumeketi kwenye mabenchi yaliyopigwa alama za rangi, mmoja hapa, mwingine kule: hakuna kuja kuangaliwa, hakuna msindikizaji leba, mume mwisho wake ni getini. Nilikuwa nimeandikishwa Linda Mama, mpango wa serikali kwa wajawazito, kwa hiyo kuzaa kwenyewe hakungetugharimu. Lakini pamba, beseni, sabuni, pampasi na leso unabeba mwenyewe. Mama mmoja aliuliza, "Na nikizidiwa, nani atawaita?" Sista akamjibu kwa upole kwamba wao watakuwepo. Naamini alisema kwa moyo safi. Ila nilihesabu masista niliowaona siku ile, nikahesabu matumbo yaliyokuwa kwenye yale mabenchi.

Hofu yangu kubwa wakati huo haikuwa wodi. Ilikuwa njia ya kufika. Mwishoni mwa Machi mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, polisi wakiwa mtaani kutekeleza kafyu, na Kiamaiko si mbali na kwetu Dandora. Mume wangu na mimi tuliomba uchungu uje mchana. Ulikuja Jumanne tarehe 12 Mei, saa mbili usiku, mvua ikinyesha.

Jirani yetu wa mlango wa pili ndiye aliyekuwa ametupa namba 1195. Ilikuwa huduma bado changa, Wheels for Life, iliyoanzishwa na daktari mmoja kijana wa uzazi, Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea ubingwa katika Hospitali ya Kenyatta. Aliona kwamba tangu kafyu ianze wajawazito wamepungua wodini, na wanaofika wanafika wakiwa wamechelewa, kwa hiyo akatafuta njia ya kuwapatia usafiri wa usiku bila malipo. Upande wa pili wa simu daktari aliniuliza maswali machache, taratibu, kama mtu aliyeketi nami chumbani. Huyu ni mtoto wa ngapi? Maji yamepasuka? Kuna damu? Uchungu unakuja baada ya dakika ngapi? Ningekuwa na dalili mbaya wangetuma ambulensi. Kwa kuwa sikuwa nazo, walituma teksi yenye kibali. Tulisimamishwa mara moja tu njiani. Askari alimulika tochi ndani, taa ikatua tumboni mwangu, akasema, "Pita, mama." Kila ninapokumbuka sauti ile hushukuru Mungu.

Getini nilipimwa joto kwenye paji la uso. Mume wangu aliteremsha beseni na mfuko, akataka kunishika mkono tuingie, bawabu akamwambia, "Baba, wewe ni hapa." Alisema hivyo kwa heshima. Teksi ilikuwa imeshaondoka kumchukua mwingine, na kurudi Dandora kwa miguu saa tatu na nusu usiku ilikuwa kujitafutia balaa. Bawabu akamwonyesha benchi chini ya ukingo wa paa la kibanda chake. Hapo ndipo alipolala, nusu ya mwili ikinyeshewa. Nilipogeuka kumtazama alikuwa bado ameshika thamosi tuliyosahau kuibeba.

Leba nitaisimulia kwa ufupi, maana kila mzazi ana yake na zinafanana. Ninalotaka kusema ni hili: barakoa zilinyang'anya nyuso. Sikujua kwamba wakati wa uchungu macho yangu hutafuta mdomo wa mtu anayezungumza nami, hadi nilipoukosa. Sista alikuwa na barakoa na juu yake kioo cha plastiki, na kila alilosema lilinifikia kama linatoka ndani ya mtungi. "Sema tena, sista," nilikuwa nikimwomba, na yeye alikuwa na wazazi wengine wanne wa kuwatazama. Mtu aliyenigusa usiku ule si kwa ajili ya kupima alikuwa mama wa usafi. Alikuwa akipita na ndoo. Akasimama, akaweka ndoo chini, akanibana kiuno kwa ngumi mbili hadi uchungu ule ukapita. Kisha akachukua ndoo yake akaenda zake. Alirudi mara mbili. Sikuona uso wake hata siku moja.

Binti yangu alizaliwa saa kumi na dakika arubaini alfajiri, kilo tatu na gramu mia mbili. Sista alimweka kifuani pangu, akanidunga ile sindano ya paja wanayodungwa wazazi ili mfuko wa uzazi ujikaze, akaivuta barakoa yangu ikae sawa. Mume wangu aliambiwa na bawabu. Bawabu aliambiwa na mama wa usafi. Ndivyo habari ya mwanangu ilivyomfikia baba yake, kwa kupokezana kama ndoo ya maji.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Saa mbili asubuhi nilikuwa wodi ya wazazi, mtoto amelala kando yangu, nikijisikia raha ya ajabu. Mwili ulikuwa mwepesi. Usingizi ulikuwa unanivuta kwa namna ambayo sijawahi kuvutwa. Nilihisi umajimaji chini yangu, nikajiambia ni kawaida, si nimetoka kuzaa? Nikahisi kijasho cha baridi shingoni, nikajiambia ni mvua, wodi ina baridi. Kila dalili niliipatia maelezo. Huwezi kujitazama mwenyewe ukiwa umelala chali na mtoto mkononi, na hata kichwa kinachopaswa kukuonya ndicho hicho kinachopungukiwa damu.

Kitanda cha kulia kwangu alikuwa mama wa Kariobangi, mtoto wake wa nne. Kikombe chake kilianguka. Akainama kukiokota, taratibu, kama anavyoinama mwenye mshono. Akabaki ameinama. Kisha bila kuniomba ruhusa akanyoosha mkono akainua leso yangu.

"Sista!" alipiga ukelele. "Sista! Huyu mama anavuja!"

Alipoona hakuna aliyetokea alijikokota mwenyewe hadi mlangoni, ameshika tumbo, akiita. Wodi nzima ikaanza kuita. Nakumbuka sauti zile zikiwa mbali sana.

Walikuja wawili mbio. Mmoja alinikandamiza tumbo chini ya kitovu na kulisugua kwa nguvu hadi nikapiga kelele, mwingine akatafuta mshipa akaweka dripu. Niliingizwa mpira wa mkojo, kwa sababu kibofu kikijaa huuzuia mfuko wa uzazi kujikaza, na mfuko usipojikaza damu hukosa wa kuifungia mlango. Nilipewa sindano nyingine. Mabonge yalitoka. Daktari alikuja, akabonyeza, akasema sasa limekuwa gumu. Sikuhitaji kupelekwa thieta. Baadaye, nilipoweza kusikia vizuri, sista aliketi, jambo ambalo hakuwa na nafasi nalo, akaniambia kwamba kuvuja damu baada ya kuzaa ndiko kunakoua akina mama wengi zaidi katika nchi hii, na kwamba mara nyingi huwa ndani ya saa 24 za kwanza, wakati kila mtu anamtazama mtoto.

Kila mtu anamtazama mtoto. Nilimwona mama yangu papo hapo, ameketi ukingoni mwa kitanda mwaka wa 2016, akizungumza habari za mahindi.

Nimelifikiria sana neno lile lililobandikwa getini: WAGENI HAWARUHUSIWI. Katika hospitali zetu anayeitwa mgeni hana ugeni wowote. Ndiye anayeleta uji, anayefua leso, anayekushika ukienda msalani mara ya kwanza na miguu inatetemeka, anayembeba mtoto ili ulale nusu saa, anayekwenda kumwita sista wakati sauti yako haifiki mlangoni. Kazi hizi hazimo kwenye daftari la mtu yeyote. Hazina mshahara wala zamu, na kwa hiyo mgeni alipoondolewa hakuna aliyeona kwamba kuna mfanyakazi ameondolewa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nikiisikia tangu utotoni nikidhani ni maneno ya ukarimu tu.

Siwalaumu waliofunga lango, na nasema hivi kwa dhati. Watoa huduma walikuwa wakiingia kazini kila siku bila kujua kama watatoka salama. Tarehe 10 Julai mwaka huo huo alifariki Daktari Doreen Lugaliki, umri wa miaka 39, daktari wa kwanza nchini kutangazwa kufa kwa korona. Alikuwa daktari wa uzazi. Mikono iliyopokea watoto. Nilipoisikia habari ile kwenye redio nilikaa chini na binti yangu mapajani nikalia kwa ajili ya mtu nisiyemjua, maana nilikuwa nawajua wenzake. Kwa hiyo sisemi wodi ingejazwa ukoo mzima, shangazi watano na watoto wao. Nasema mtu mmoja. Apimwe joto, apewe barakoa, asitoke toke, abaki na mzazi mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshasema tangu mwanzo wa janga kwamba mwanamke ana haki ya kuwa na mtu anayemchagua wakati wa kujifungua, hata kama ana korona yenyewe. Kati ya wote na hakuna, palikuwa na nafasi ya mmoja, na mmoja alitosha kuinua leso.

Nilibaki wodini siku mbili zaidi. Zile siku mbili ndizo zilizonifundisha jinsi watu wanavyoziba pengo bila kuitisha mkutano. Mizigo ililetwa getini asubuhi na jioni, bawabu akaipokea na kuirundika mezani, na siku ya kwanza ilikuwa vurugu: thamosi zinafanana, mifuko inafanana, uji wa mtu ukanywewa na mwingine kwa nia njema kabisa. Mume wangu, ambaye ni fundi wa rangi, siku ya pili alileta gundi ya karatasi wanayofunikia kingo za dirisha, akaandika jina, wodi na namba ya kitanda kwa herufi kubwa, akamwachia bawabu roli nzima. Kuanzia hapo kila mzigo ulifika kwa mwenyewe.

Wodini tulijigawa. Aliyeweza kusimama aliwahudumia wasioweza. Mama wa Kariobangi, na mshono wake, akawa ndiye mwenye zamu ya macho: akizunguka vitanda kila mara akiuliza, "Mama, pamba ikoje? Umebadilisha saa ngapi?" Palikuwa na msichana wa miaka kumi na tisa aliyetoka Kitui kabla jiji halijafungwa, hana simu, hana ndugu Nairobi, mtoto hajui kushika ziwa. Tulimfundisha kwa zamu. Nilimpa simu yangu azungumze na mama yake, na nikageukia ukuta ili awe na faragha, maana faragha nyingine haikuwepo. Alisema neno moja tu, "Mami," halafu akalia mpaka salio likaisha. Nikaongeza.

Na salio nilikuwa nalo. Tangu katikati ya Machi kutuma pesa kwa M-Pesa chini ya shilingi 1,000 kulikuwa hakuna ada, na wale ambao wangekuja kuniona walituma. Mia mbili, mia tatu, mjomba mmoja hamsini. Simu ililia kila saa. Nilisoma kila jina kwa sauti, kama mtu anavyosimama mlangoni kupokea wageni, na mama wa Kariobangi aliitikia, "Karibu, karibu."

Tangu wakati ule nimesindikiza wanawake watatu wa mtaani hadi leba, milango ilipofunguliwa tena. Kabla hatujaondoka nyumbani huwa naketi na mjamzito na yule atakayekuwa naye, nawaambia mambo ambayo mimi sikuambiwa. Pamba ikilowa yote kabla saa moja haijaisha, ita. Bonge kubwa likitoka, usilitupe, mwonyeshe sista. Kizunguzungu, moyo kwenda mbio, jasho baridi, usingizi usiokuwa wa kawaida: usiutafutie maelezo, ita. Mwombe sista akufundishe kulishika tumbo lako mwenyewe, uhisi mfuko wa uzazi chini ya kitovu. Unapaswa kuwa mgumu. Ukiwa laini kama unga uliokandwa, ita. Nenda haja ndogo hata kama hujisikii. Mnyonyeshe mtoto mapema, kunyonya kwake kunausaidia mfuko kujikaza. Na kama uko peke yako kwa sababu yoyote ile, kabla hujalala zungumza na jirani wa kitanda. Mwambie waziwazi, "Dada, nitazame, nami nitakutazama." Wengi huona haya kusema hivyo kwa mtu wasiyemjua. Mimi niliona haya hata kwa mama yangu mzazi.

Huwa nawaambia pia waume wasiondoke getini wakidhani kazi yao imekwisha. Wangu alikaa kwenye benchi lile siku tatu, kuanzia kafyu inapoisha hadi inapokaribia kuanza. Hakunifikia, lakini bawabu alimjua, mama wa usafi alimjua, na sista alipohitaji kitu cha kununuliwa duka la dawa nje kwa ajili yangu, alipatikana kwa dakika mbili. Siku ya kuruhusiwa kutoka alimwona binti yake kwa mara ya kwanza hapo hapo kando ya kibanda, akiwa na umri wa siku tatu, akaomba sanitaiza mara mbili kabla ya kumgusa.

Jiji lilifunguliwa tarehe 7 Julai. Treni ziliporudi katikati ya mwezi, mama alikuja. Mtoto alikuwa na miezi miwili, ananona, anacheka. Mama alivua viatu, akanawa mikono hadi viwikoni, akampita mtoto akaja kwangu. Akanikunja ukope wa chini kutazama wekundu wa ndani. Akanishika tumbo. Akauliza, "Na yule mwenzio anakaa wapi?"

Alikuwa ameleta doti moja ya leso kutoka Voi, bado haijakatwa, vipande viwili vimeshikana kama vinavyotoka dukani. Jioni ile aliketi sakafuni na mkasi akaikata katikati, akapinda kingo kwa mkono, kipande kimoja akakiweka kitandani mwangu. Asubuhi tuliteremka barabarani tukapanda matatu ya Kariobangi, abiria wanane tu kwenye viti kumi na vinne, mama ameshika kipande cha pili mapajani. Mama wa Kariobangi alitupokea kwenye ngazi, mwanawe mgongoni. Hawakuwa wamewahi kuonana. Mama alimfunga leso ile kiunoni yeye mwenyewe, akaizungusha mara mbili, akakaza fundo.